Upasuaji au njia ya kawaida: damu ya mtoto mchanga inasema nini kuhusu ubongo wake?

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, iwe Meta jijini Mbeya, Tosamaganga kule Iringa au Ilembula mkoani Njombe, hutakosa kusikia kauli mbili zinazopigana. Ya kwanza ni ya siku nyingi: mtoto aliyetolewa kwa kisu hakupita njia, kwa hiyo atakuwa mzito wa kuelewa darasani. Ya pili ni changa, imeingia na simu: wanasayansi wamepima damu ya watoto wachanga, wakakuta waliozaliwa kwa njia ya kawaida wana protini za ubongo ulioumia, kwa hiyo mwenye uwezo aombe upasuaji mapema. Mama mwenye mimba ya miezi minane akizisikia zote mbili asubuhi moja, anarudi nyumbani hana njia hata moja asiyoiogopa.

Hofu hiyo naichukulia kwa uzito, maana inaamua mambo. Wapo wanaokataa kusaini fomu ya upasuaji huku mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka. Wapo pia wanaohangaika kutafuta fedha za upasuaji ambao mwili wao hauuhitaji.

Kauli ya kwanza haina ushahidi wa kuisimamisha. Ya pili ina punje ya ukweli, na ndiyo maana inahitaji kujibiwa kwa utulivu. Vipimo hivyo vipo. Tofauti kati ya njia mbili za kuzaliwa imeonekana kweli kwenye tafiti. Kisichothibitishwa ni ile hatua ya mwisho ambayo mtaani imerukwa haraka, ya kusema kwamba tofauti hiyo ni jeraha.

Maana ya kiashiria

Kiashiria cha damu ni kitu chochote kinachopimika ndani ya damu ambacho kiwango chake kinadokeza jambo linaloendelea mwilini. Sukari ni kiashiria. Wingi wa damu anaopimwa mjamzito kliniki ni kiashiria pia. Viashiria vya ubongo ni protini ambazo makazi yake ya kawaida ni ndani ya seli za ubongo na neva. Seli ikichoka, ikibanwa, ikikua kwa kasi au ikifa, sehemu ya protini hizo huvuja na kuingia kwenye damu, na mashine za siku hizi zina uwezo wa kuzinasa hata zikiwa chache mno.

Zinazotajwa zaidi kwa watoto wachanga ni chache. Ipo S100B, inayotengenezwa hasa na seli zenye umbo la nyota ambazo kazi yake ni kuzilisha na kuzilinda neva. Ipo NSE, kimeng'enya kinachoishi ndani ya neva zenyewe. Ipo nyurofilamenti, uzi mwembamba unaoipa mikia mirefu ya neva uimara wake. Na ipo tau, inayoshikilia mirija midogo ambayo neva hutumia kusafirisha mahitaji yake kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kwa watu wazima protini za aina hii zimeshaingia hospitalini. Mwongozo wa nchi za Skandinavia wa mwaka 2013 uliiweka S100B miongoni mwa vipimo vya kuamua kama mtu aliyegonga kichwa apigwe picha ya CT au la. Marekani iliidhinisha mwaka 2018 kipimo cha damu cha protini mbili nyingine kwa kazi inayofanana na hiyo. Mzizi wa mkanganyiko uko hapo. Mtu akisoma kwamba protini fulani hupanda kwa aliyepata ajali ya gari, kisha akasoma kwamba protini hiyohiyo imepanda kwa mtoto aliyezaliwa jana, anaunganisha mwenyewe: mtoto kapata ajali kichwani. Lakini mizani iliyotengenezwa kwa mtu mzima haimpimi mtoto wa saa moja. Kiwango kinachotisha kwa mzee wa miaka 60 kinaweza kuwa hali ya kawaida kabisa kwa kichanga.

Kilichoonekana kwenye damu ya kitovu

Mara nyingi damu hii haitolewi kwa kumchoma mtoto. Inachukuliwa kwenye kipande cha kitovu kilichobaki upande wa kondo la nyuma, muda mfupi baada ya kukatwa. Mama wala mtoto hahisi lolote.

Tafiti kadhaa zimelinganisha damu ya watoto waliozaliwa kwa njia ya kawaida na ya wale waliotolewa kwa upasuaji uliopangwa kabla uchungu haujaanza. S100B mara nyingi imekuwa juu zaidi kwa waliopita njia ya kawaida. Nyurofilamenti nayo imeonyesha mwelekeo kama huo. Kwa NSE majibu yamechanganyika zaidi, na sababu mojawapo ni ya kimaabara tu: protini hiyo imo pia kwa wingi ndani ya chembe nyekundu za damu. Damu ya kichanga ni rahisi kupasuka chembe zake wakati wa kuichukua, na zikipasuka kipimo hupanda hata kama ubongo hauna neno.

Anayejua biashara ya viazi vya Isyonje atalielewa jambo hili upesi. Gunia hupakiwa kwenye lori, lori likateremka na kupanda milima hadi Dar es Salaam, na gunia likimwagwa sokoni, chini yake kuna maganda na udongo. Maganda yale yametoka kwenye viazi kweli, na yanasema kweli kwamba viazi vimesuguana njiani. Lakini mnunuzi halitupi gunia kwa sababu ya maganda. Anatafuta kiazi kilichopasuka, kinachotoa maji na harufu. Mkulima naye ataongeza jambo lake: viazi vilivyochimbwa kabla ngozi haijakomaa huchubuka zaidi kwa safari ileile. Na gunia lililotoka shambani hadi ghalani bila kupanda lori litakuwa na maganda machache, ila hakuna atakayesema kwa sababu hiyo kwamba viazi vyake ni bora kuliko vya lori.

Protini za kwenye damu ya kitovu ndiyo maganda hayo. Mtoto aliyepita njia ya kawaida amesafiri. Aliyetolewa kwa upasuaji uliopangwa hakupita safari ile. Kipimo kinaonyesha tofauti ya safari. Na mtoto njiti, ambaye kizuizi kati ya damu na ubongo wake bado hakijakaza, huwa na viwango vya juu zaidi kwa sababu ya uchanga wake tu, kabla hata hatujauliza alizaliwaje.

Kwa nini safari inaacha alama

Wakati wa uchungu, kila tumbo la uzazi linapokaza, damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua kwa muda mfupi, kisha linapolegea hurudi. Mtoto mwenye afya ameumbwa kustahimili hali hii, mradi kati ya uchungu mmoja na mwingine kuwe na nafasi ya kupumzika. Kichwa nacho hubanwa. Mifupa ya fuvu la kichanga haijaungana. Hupandana kidogo ili kichwa kipite, ndiyo maana watoto wengi huzaliwa na kichwa kirefu ambacho baada ya siku chache hurudi umbo lake. Mama wakubwa wanaokanda kichwa cha mtoto kwa maji ya moto "ili kikae sawa" hawana haja ya kujisumbua, na kwa kweli wasikikande, kwa sababu kinakaa sawa chenyewe.

Msukosuko huo huamsha pia homoni. Adrenalini na jamii yake hupanda sana kwa mtoto anayezaliwa kwa uchungu, na hiyo ni faida kubwa: homoni hizo husaidia mapafu kuacha kutoa maji na kuanza kuyanyonya, humwamsha mtoto na kumwezesha kupambana na baridi ya nje. Mtoto wa upasuaji uliopangwa hupata kiasi kidogo zaidi, na ndiyo sababu wengine huhema haraka kwa siku ya kwanza au mbili. Ndiyo sababu pia madaktari hupendelea upasuaji uliopangwa usifanyike kabla ya wiki ya 39, kama hakuna sababu ya kuharakisha.

Kwa hiyo mkazo ule ule unaoongeza maganda kwenye damu ndio unaoandaa mapafu. Ukitaka kuuita mkazo huo ubaya kwa sababu ya S100B, itabidi uuite uzuri kwa sababu ya pumzi.

Halafu liko jambo ambalo habari za mitandaoni hazilikumbuki: S100B haitoki kwenye ubongo peke yake. Imo kwenye mafuta ya mwili, kwenye gegedu na kwenye seli za rangi za ngozi. Mtoto aliyebanwa kichwa, mabega na mwili mzima anaweza kuwa nayo juu bila ubongo wake kuhusika sana. Tena huondoka haraka, ndani ya saa chache, kwa kupitia figo. Nyurofilamenti hukaa muda mrefu zaidi kwenye damu, wakati mwingine wiki kadhaa. Kwa hiyo kujua ni protini ipi, na ilipimwa saa ngapi baada ya kuzaliwa, ni sehemu ya jibu lenyewe. Taarifa isiyotaja mambo hayo mawili haifai kumtishia mtu.

Picha za kichwa zinaongeza nini

Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani walitoa mwaka 2007 matokeo ya kupiga picha za MRI vichwa vya watoto wachanga 88 ambao hawakuwa na dalili yoyote. Kati ya 65 waliozaliwa kwa njia ya kawaida, 17 walikuwa na damu kidogo iliyovuja ndani ya fuvu. Kati ya 23 wa upasuaji hakukuwa na hata mmoja. Ukiishia hapo, unaweza kuingiwa na hofu. Lakini mwaka uliofuata watafiti wengine nchini humo walitoa matokeo ya watoto 101, nao 46 walikuwa na uvujaji mdogo wa damu chini ya utando wa ubongo. Waliwafuatilia watoto hao kwa picha zaidi, na damu hiyo ilikuwa imenyonywa yenyewe ndani ya miezi mitatu.

Katika utafiti huo wa pili, karibu nusu ya watoto wazima kabisa, wanaonyonya na kulia vizuri, walikuwa na alama hii, nasi hatukuwa tunajua mpaka tulipochungulia. Nadhani hili ndilo linalopaswa kutuliza moyo. Binadamu wamezaliwa hivi tangu zamani. Kilichobadilika ni ukali wa macho ya mashine zetu.

Habari ya tau na ugonjwa wa kusahau

Mwaka 2025 ilizuka habari iliyosambaa sana. Timu iliyoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, ilipima aina ya tau iitwayo p-tau217, ambayo kwa wazee ni kiashiria cha ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomfanya mzee asahau hadi majina ya wanawe. Watoto wachanga wenye afya walikuwa nayo kwa wingi kuliko hata wagonjwa wa Alzheimer. Njiti ndio waliokuwa na viwango vya juu zaidi, na viwango hivyo vilishuka katika miezi ya mwanzo ya maisha.

Mtaani habari hiyo iligeuka kuwa "watoto wanazaliwa na ugonjwa wa wazee". Watafiti wenyewe walisema tofauti kabisa: ubongo wa kichanga uko katikati ya ujenzi, neva zinanyoosha mikia na kuungana kwa kasi kubwa, na tau ya aina hiyo ni sehemu ya ujenzi huo. Wanachokitafuta sasa ni namna mwili wa mtoto unavyoweza kuwa na protini hiyo nyingi hivyo bila kugeuka madonge yanayoharibu ubongo kama inavyokuwa kwa wazee. Protini moja, maana mbili, kutegemea umri wa mwenye damu. Mtu akishalielewa hili, hatababaishwa tena na kichwa cha habari kinachotaja protini bila kutaja umri.

Upasuaji si wa aina moja

Hapa ndipo mazungumzo mengi ya mtaani hupotea. Watu husema "mtoto wa upasuaji" kana kwamba wote walipita mlango mmoja.

Mchukue mama wa kijiji cha ndani Makete aliyeanza uchungu jana jioni. Mvua imekata barabara, bodaboda imemfikisha zahanati, zahanati imempa rufaa, gari la wagonjwa limechelewa, na anafika hospitali alfajiri akiwa amechoka na mtoto amechoka. Anafanyiwa upasuaji wa dharura. Mchukue sasa mama mwingine, mwalimu wa Forest ya Zamani jijini Mbeya, ambaye mtoto wake amekaa kitako, akapangiwa upasuaji Jumanne asubuhi, akaingia chumbani kwa miguu yake kabla uchungu haujaanza. Kwenye daftari la wodi wote wameandikwa upasuaji. Damu ya kitovu ya watoto wao inaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi. Mtoto wa Makete amepitia saa nyingi za uchungu na pengine kupungukiwa hewa. Viashiria vyake vinaweza kuwa juu kuliko vya mtoto yeyote aliyezaliwa kwa njia ya kawaida wodini usiku huo.

Je, upasuaji ndio uliomdhuru? Upasuaji ndio uliomwokoa. Uchungu uliokwama na njia ndefu ndivyo vilivyomgharimu. Utafiti unaowaweka akina mama hawa wawili kwenye kapu moja utatoa jibu la uongo, na utafiti mzuri huwatenganisha.

Kuna tatizo jingine dogo la aina hiyo: watoto wa upasuaji uliopangwa mara nyingi huzaliwa wiki moja au mbili kabla ya wale waliosubiri uchungu uje wenyewe, na umri wa mimba peke yake hubadilisha viwango vya protini hizi.

"Mtoto wa kisu hana akili"

Turudi kwenye kauli ile kongwe. Imewaumiza wanawake wengi, hasa inapotoka kwa wifi au mama mkwe, ambaye kwa mila zetu za huku huwezi kumjibu usoni. Mtoto akichelewa kutembea au akishika namba ya mwisho darasani, kidonda cha mama kinanyooshewa kidole.

Wapo waliotafuta jibu kwa idadi kubwa ya watu. Watafiti waliotumia kumbukumbu za Sweden, zenye watoto zaidi ya milioni 2.6 waliozaliwa kati ya 1982 na 2010, waliona kwanza kwamba usonji ulikuwa umeongezeka kwa takriban asilimia 20 kwa watoto wa upasuaji. Kisha wakafanya jambo la busara. Waliwalinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyezaliwa kwa upasuaji na mwingine kwa njia ya kawaida. Tofauti ikayeyuka. Maana yake ni kwamba kilichoonekana mwanzoni kilitokana na mambo ya familia, kama vile kurithi au afya ya mama iliyosababisha upasuaji, na kisu hakikuwa chanzo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Wengine wanaogopa sindano ya mgongo, kwamba dawa inapanda kwenye ubongo wa mtoto. Dawa hiyo huwekwa kwa kiasi kidogo kwenye maji yanayozunguka neva za mgongo wa mama, na inayomfikia mtoto ni kidogo sana. Kinachoangaliwa kwa makini ni presha ya mama isishuke, kwa sababu ikishuka damu ya kondo la nyuma hupungua. Ndiyo maana anawekewa dripu na presha yake inapimwa kila baada ya dakika chache.

Haya yote hayaufanyi upasuaji kuwa jambo la kuombwa kwa starehe. Ni operesheni kubwa: ipo damu inayopotea, upo uwezekano wa kidonda kupata maambukizi, na mimba zinazofuata hubeba hatari ya kovu kuachia au kondo la nyuma kujishika pabaya. Kwa mwanamke anayetarajia kuzaa watoto wanne au watano, na hospitali yenye chumba cha upasuaji iko mbali, kovu hilo ni la kufikiriwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba upasuaji unapozidi asilimia 10 ya wanaojifungua katika jamii, vifo vya akina mama na watoto haviendelei kupungua kwa sababu ya ongezeko hilo. Tanzania kwa ujumla, kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, iko karibu na mama mmoja kati ya kumi. Wastani huo unaficha mengi: mjini wapo wanaopasuliwa bila sababu nzito, na bondeni wapo wanaoukosa ukiwa ndio pekee ungewaokoa.

Kinachoumiza ubongo kweli

Nikiulizwa ni nini kimenisukuma kuandika haya, ni hiki: wakati tunabishana juu ya njia ya kuzaliwa, yale yanayoumiza ubongo wa kichanga yanapita pembeni bila kutazamwa.

La kwanza ni kupungukiwa hewa. Hapa viashiria vya damu vinaonyesha thamani yake. Kwa mtoto aliyekosa hewa vya kutosha wakati wa kuzaliwa, protini hizi hupanda mno, na badala ya kushuka kama kwa watoto wengine, baadhi huendelea kupanda siku zinazofuata, kwa sababu seli zinaendelea kufa. Gunia hilo sasa linatoa maji na harufu. Watafiti wanatumaini kwamba siku moja kipimo cha haraka kitamsaidia daktari wa hospitali ya wilaya kujua ni mtoto yupi kati ya watatu waliochelewa kulia anahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Hiyo ndiyo kazi halisi ya vipimo hivi. Havikubuniwa ili kuchagua mlango wa kuzaliwa.

Na dawa ya kwanza ya kukosa hewa haihitaji maabara. Mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, kwa kumkausha, kumsugua mgongo, na asipohema kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, yalijaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Asilimia 47, kwa mikono ya wakunga na mfuko wa mpira! Nikisoma takwimu hiyo huwa natamani kila zahanati ya Ileje, Chunya na Ludewa iwe na barakoa safi ukutani na mtu aliyefanya mazoezi wiki hiyohiyo.

La pili ni dawa za kuongeza uchungu zinazotolewa kienyeji. Mitishamba ya "kuharakisha", au sindano ya uchungu anayochomwa mama mahali pasipo na vipimo, hulifanya tumbo la uzazi likaze bila kupumzika. Tulishaona kwamba mtoto anastahimili uchungu kwa sababu ya ile nafasi ya katikati. Ikiondolewa, anakosa hewa, na tumbo lenyewe linaweza kupasuka. Hospitalini dawa ya uchungu hutolewa kwa dripu, matone yakihesabiwa na mapigo ya mtoto yakisikilizwa.

La tatu linatuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko wengine: baridi. Juni na Julai, sakitu inapoanguka Kitulo na Njombe, kichanga kilicholowa hupoteza joto haraka sana. Joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, sukari ya damu hushuka nayo na kupumua huwa kwa shida. Kuna waliosikia kwamba Ulaya watoto waliokosa hewa hupozwa ili kuuokoa ubongo, wakadhani baridi yetu ni tiba. Ni kweli kwamba huko hupozwa hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, ndani ya wodi yenye mashine na uangalizi wa kila dakika. Lakini tiba hiyo ilipojaribiwa kwa watoto 408 katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba asilimia 42 ya waliopozwa walifariki, dhidi ya asilimia 31 ya wale ambao hawakupozwa. Huku kwetu mtoto akaushwe, avishwe kofia na soksi, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, awe amezaliwa kwa njia yoyote. Hata baada ya upasuaji mama anaweza kumpokea kifuani, na akiwa bado hajiwezi, baba au bibi afanye kazi hiyo.

Umanjano uliokithiri na maambukizi ya damu vinakamilisha orodha. Vyote viwili vinatibika vikigunduliwa mapema.

Je, nidai kipimo cha S100B?

Hapana. Si kipimo cha kawaida cha wodi ya wazazi, na hata ungekipata, jibu lake kwa mtoto mmoja mzima lisingekwambia la kufanya. Mwulize mkunga mambo ambayo yeye anayajua. Mtoto alilia baada ya muda gani? Alihitaji kupuliziwa hewa? Alama yake ya dakika ya tano, ile inayoandikwa kwa namba hadi 10, ilikuwa ngapi? Ananyonya kwa nguvu? Kama ulifanyiwa upasuaji, sababu ilikuwa nini, na tumbo la uzazi lilikatwa vipi? Omba yaandikwe kwenye kadi kabla ya kuruhusiwa, kwa sababu daktari atakayekuona mimba ijayo atayahitaji, na pengine hatakuwa yuleyule.

Ukishafika nyumbani, yanayokurudisha hospitali siku hiyohiyo ni mtoto kukataa ziwa, kulegea kama kitambaa, kukakamaa au kutikisika kwa degedege, kulia kwa sauti kali isiyotulizika, kuwa wa moto au wa baridi, au kuwa na umanjano uliofika kwenye viganja na nyayo. Na kama alichelewa kulia, mrudishe kliniki ya watoto hata kama anaonekana mzima, ili shingo yake, mikono na macho vifuatiliwe mwezi kwa mwezi. Mtindio wa ubongo ukigundulika mapema, mazoezi ya viungo huanza mtoto akiwa bado mdogo, wakati ambapo ubongo wake unajifunza kwa haraka zaidi.